Miiba Niliyoipanda Badala ya Mwarobaini

Nikiwa kidato cha kwanza niliua mwarobaini. Nalisema mapema ili msomaji ajue anashughulika na mtu wa namna gani. Hapa Dodoma mwarobaini unaota kwenye ufa wa sementi, mbuzi wanaukataa kwa uchungu wake, na mwaka wa ukame unatoa majani kama vile haujasikia habari. Kuuangamiza kunahitaji kipaji. Mimi kipaji hicho ninacho, na kwa kuwa vingine sijaviona bado, nimeamua kuandika habari za hiki.

Shule yetu ni ya kutwa. Kila anayeingia kidato cha kwanza anapewa shimo moja, mche mmoja na kibao cha bati chenye namba. Yangu ilikuwa themanini na saba. Kuanzia siku hiyo mpaka umalize kidato cha nne, mti ule ni wako. Kila asubuhi unakuja na kidumu cha lita tatu za maji kutoka nyumbani, unamwagilia, ndipo unaingia darasani. Ijumaa mwalimu anapita kukagua. Mti ukikauka unasimama mbele ya mstari na kuieleza shule nzima umekaukaje, halafu ndiyo viboko. Wenzangu walikuwa wanaogopa viboko. Mimi niliogopa kueleza.

Maana nina aibu. Sisemi ile aibu ya kupendeza, ya kuangalia chini na kuchora chini kwa kidole cha mguu. Yangu ni ya kutoka jasho puani nikiitwa jina darasani. Mama akinituma dukani nasubiri kwanza wateja waishe, na wateja wa dukani hawaishi. Shangazi alipouliza huyu mtoto wenu anaongea saa ngapi, baba alimjibu kwamba naongea na daftari. Alikuwa anatania, lakini hakukosea. Yote ninayoandika hapa yalikwisha kuandikwa kule siku yalipotokea, tena kwa kulia zaidi.

Sasa kidumu. Changu kilikuwa cha mafuta ya kula, kifuniko kimepotea, mama amekiziba kwa gunzi la hindi lililoviringishiwa nailoni. Kila hatua kilinitemea maji kwenye sketi. Na kutoka kwetu Area D mpaka shuleni ilikuwa lazima nipite mbele ya gereji moja, ambako mafundi walikaa juu ya matairi na kazi yao kubwa ilikuwa kutazama. Siku ya tatu mmoja aliwauliza wenzake, kwa sauti ya huruma kabisa, kama huyu dada kwao hakuna choo.

Nikapata dawa. Kabla ya gereji kuna mtaro. Nikawa namwaga maji yote mtaroni, napita na kidumu kikavu na sketi kavu, na shuleni nainama kwenye shimo langu na kukitikisa kidumu kama padri anayenyunyizia waumini. Mtaroni yakaota majani ya ajabu. Mbuzi wa mtaa mzima walinenepa pale kwa jasho langu. Namba themanini na saba ikaanza kujikunja mwezi wa saba, na mwezi wa tisa ilikuwa kijiti.

Nyumbani kwetu, nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotokea, kulikuwa na kitu kingine. Mama mkubwa anayekaa Lushoto alikuja kututembelea akiwa na kopo la maziwa ya unga, ndani yake kijiti chenye miiba. Huko milimani, alisema, kinaota chenyewe porini na mashambani, watu wanakifyeka kwa mapanga na kinarudi, lakini watoto wanakula matunda yake mpaka ulimi unakuwa mweusi. Mama alisikia matunda. Habari za mapanga hakuzisikia, wala mimi. Mwaka haujaisha kilikuwa kichaka kinachochungulia dirisha la bafu. Fito zake zilikuwa nyeupe kama zimepakwa majivu, miiba imepinda kama kucha za paka. Tunda lake linaanza jekundu, linaiva jeusi, na lote ni vichembe vidogo vimeshikana kama ushanga. Ukilibana kwa ulimi linapasuka, utamu kwanza, kisha ukali kidogo. Jina hatukulijua. Tuliyaita matunda ya mama mkubwa, na mgeni akija tulimpa kwenye kisahani.

Alhamisi moja nilikuwa nakoga huku nawaza Ijumaa. Kijiti changu kilikuwa kimefikia hali ambayo hata mtu asiyejua miti angejua. Nikatazama dirishani, nikaona fito moja imeinama mpaka chini, ncha imegusa tope na kutoa mizizi yake yenyewe. Imejipanda. Nilikata ile ncha, nikaifunga kwenye gazeti lenye maji, na kesho yake nilifika shuleni wa kwanza kabisa. Mwarobaini ulitoka shimoni bila kubisha. Niliuvunja vipande viwili nikautia mfukoni mwa sketi, ukanichoma pajani siku nzima, na nadhani nilistahili.

Mwalimu wa miti alikuwa mtu wa pwani. Awali alifundisha Siasa. Zilipoingia enzi za ruksa, ujamaa ukiwekwa kando, somo lake likabadilishwa jina, nusu ya mambo aliyotufundisha kwa moyo ikatakiwa tuisahau, na yeye kama kufidiwa akaongezewa miti. Miti aliyoijua ni mnazi na mkorosho. Mingine yote aliigawa makundi mawili, mikavu na mibichi. Alisimama kwenye shimo langu.

"Huu ni mti gani?"

"Wa matunda," nikasema.

Ilikuwa kweli, na ilikuwa hotuba yangu ndefu kuliko zote za muhula ule. Akaandika kwenye daftari lake: wa matunda. Akaendelea na namba themanini na nane.

Kwa hofu nikawa mwanafunzi bora. Gereji nilipita nimelowa, nikivumilia maneno, na kila tone la kidumu nililifikisha. Juu ya hayo nilikuwa nakwenda jikoni, pale wapishi walipokuwa wanamwaga maji ya vyombo, na kuyaelekeza kwa kijembe yapite shimoni kwangu. Mti wangu haukuona kiangazi. Wakati mibuyu ya mlimani imebaki mifupa na miche ya wenzangu inapigania roho, themanini na saba ilikuwa inarusha fito kila upande. Mwaka wa pili ikazaa. Wanafunzi walikuwa wanarudi darasani baada ya mapumziko na midomo ya zambarau.

Unaweza kuuliza ilikuwaje watu wazima wote wale wasiulize kile ni nini. Nami nimejiuliza. Nadhani ni kwa sababu hapa kwetu kitu cha kijani kina mwenyewe. Ukikiona mwezi wa kumi, hukiulizi kimetoka wapi, unajua kuna mtu amekibebea maji. Walimu walidhani ni mradi wa mzee wa shamba. Mzee wa shamba alidhani ni mradi wa walimu. Mimi niliyejua nilikuwa sisemi, lakini hilo halikumshangaza mtu.

Mwisho wa kidato cha pili nikapewa zawadi ya utunzaji bora wa mti: daftari kubwa la kurasa mia mbili na kidumu kipya chenye kifuniko. Nilipanda jukwaani, nikapokea kwa mikono miwili, nikampigia mwalimu saluti. Sijui saluti ilitoka wapi. Niliandika kurasa sita kuhusu ile saluti, kwenye daftari lile lile la zawadi.

Mzee wa shamba niliyemtaja alikuwa Mgogo wa kijiji cha Zuzu. Alikuja kila asubuhi kwa baiskeli kulitunza shamba la zabibu la shule, ambalo lilianza hatua ishirini tu kutoka kwenye shimo langu. Mizabibu ile aliipanda yeye, kabla mimi sijazaliwa. Aliikata matawi yeye, aliifunga kwenye waya yeye, na aliongea nayo Kigogo. Kila akiniona alinisalimia, "Mbukwa, mjukuu wangu," nami niliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu mzima pekee pale shuleni ambaye hakuwahi kuniambia nipaze sauti.

Nilipoingia kidato cha tatu, fito za mti wangu zilikuwa zimefuata mfereji wa jikoni mpaka kwenye mizabibu. Kila ncha iliyogusa chini ilizaa kichaka kingine. Mzee alizifyeka, zikarudi mbili kwa moja. Na kwa kuwa alizifyeka kabla hazijafikisha mwaka, kule shambani hazikuzaa hata tunda moja. Ilikuwa miiba mitupu. Watu hawatazami majani, wanatazama matunda, kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyeona kwamba ile miiba ya shambani na ule mti wangu wa zawadi ni kitu kimoja. Mistari mitatu ya zabibu ikawa haiingiliki. Wanafunzi waliotumwa kuvuna walitoka na mashati yaliyochanika, na zabibu zikaivia ndani na kuoza, nyuki wanafurahi.

Miaka hiyo kulikuwa na neno linatembea mjini: kupunguzwa. Baba ni karani, na nyumbani neno hilo halikutajwa mezani, kama ugonjwa. Shuleni mpishi mmoja alishapunguzwa, na tarishi pia. Karo imerudi, bodi ya shule inataka kila kitu kijilipe chenyewe. Siku moja nilitumwa ofisini kupeleka daftari la mahudhurio, nikakuta mlango umeegeshwa, na kama kawaida yangu nikasimama nje nikisubiri ujasiri wa kubisha hodi. Ndani mkuu wa shule alikuwa anaongea na mzee. Ni mama mpole, lakini siku hiyo sauti ilikuwa imechoka. Alimweleza kwamba kuna mwanabodi mmoja, mfanyabiashara wa mtaa wa Majengo, anataka mzee apumzishwe na shamba likodishwe kwa mtu mwenye uwezo. Bodi inakuja mwisho wa mwezi kujionea.

"Mzee, hii miiba nani kaipanda?"

"Ndege, mama."

"Sasa nikawaambie bodi ni ndege?"

Kupitia upenyo niliona kofia ya mzee mikononi mwake na mikono yenyewe imejaa mikwaruzo, mipya juu ya ya zamani. Niliondoka na daftari la mahudhurio bila kulikabidhi, darasa letu zima likahesabiwa watoro siku ile.

Mtu mwingine angeingia na kusema. Mimi niliandika barua. Ilikuwa na kurasa nne, utangulizi, kiini na hitimisho, na aya moja nzima juu ya mama mkubwa na hali ya hewa ya Lushoto. Niliitia kwenye sanduku la maoni lililopigiliwa nje ya ofisi. Nilisubiri wiki nzima niitwe. Baadaye nikasikia kiranja mmoja akisimulia kwamba lile sanduku ufunguo wake aliondoka nao mkuu wa shule aliyepita.

Basi nikaamua kuimaliza miiba mwenyewe. Jumamosi nilimwambia mama nina masomo ya ziada, nikachukua panga la baba na kwenda shambani. Nilifyeka kuanzia asubuhi mpaka jua la utosi, na vipande vyote, ili nisiache ushahidi, nikavitupa kwenye mfereji wa kumwagilia zabibu. Nilidhani maji yatavibeba. Yalivibeba kweli. Yalivisambaza kila mstari, mvua ikanyesha siku tatu vikashika mizizi, na kufikia mwisho wa mwezi ile mistari mitatu ilikuwa sita. Mzee alikuwa anazunguka shambani akitazama juu angani na kuyatukana makundi ya ndege kwa Kigogo. Sikijui Kigogo, lakini kutukanwa najua.

Siku ya bodi ikafika. Mkuu wa shule, ili wageni waone kwamba kuna jambo jema pia, aliagiza wapewe matunda kutoka mti ulioshinda, na ayabebe mwenye mti. Nikavishwa sare safi ya kuazima, nikapewa sinia lenye mabakuli manne, nikawafuata wajumbe mpaka shambani. Mzee alikuwa amesimama kwenye mstari wa kwanza, kofia mkononi. Mwalimu wa miti alikuwa kando yangu, na nadhani alikuwa na fahari.

Yule mfanyabiashara alitembea ukingoni mwa zabibu, kanzu ameishika juu isinaswe. Alihesabu mistari iliyoliwa na miiba. Aliuliza mshahara wa mzee ni wa kazi gani hasa. Mkuu wa shule alijaribu kusema kitu kuhusu mvua. Kisha mgeni akageuka, akachota matunda kwenye sinia langu, akatafuna, akachota mengine. Akamtazama mzee kama mtu anayemsaidia.

"Unaona haya? Haya ndiyo ungepanda, mzee, badala ya kufuga miiba."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Kichwa tu, vile vile kama mimi. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonitoa sauti.

"Ni hiyo hiyo," nikasema.

Mtu asiyeongea hana mazoezi ya kipimo cha sauti. Yangu ilitoka kama ya mnadi ng'ombe. Wanafunzi waliokuwa wanafagia upande wa pili wa uwanja walisimamisha mafagio.

"Nini hiyo hiyo?" mkuu wa shule akauliza.

"Hiyo miiba ndiyo haya matunda. Niliipanda mimi. Mwarobaini wangu ulikufa."

"Ulikufa lini?"

"Mwaka juzi, mama."

Nilisema kwa nguvu ile ile kwa kuwa sikujua inapunguziwa wapi. Mwanabodi alikuwa bado na matunda mdomoni, akashindwa kujua ateme au ameze. Mwalimu wa miti alisema haiwezekani, ule ni mti wa matunda, ameuandika yeye. Nikaweka sinia chini, nikaenda shimoni kwangu, nikavunja fito moja, nikarudi na nyingine ya shambani, nikazishika pamoja mbele yao: weupe ule ule, kucha zile zile, jani lile lile. Nilikuwa natoka damu viganjani. Ningependa kuandika kwamba sikusikia maumivu, lakini nilisikia, na machozi yalinitoka, na kamasi pia, na leso sikuwa nayo.

Mfanyabiashara aliangalia zile fito, akamwangalia mzee, akacheka. Halafu akauliza, kwa hiyo huyu mzee amepigana na kitu hiki mwaka mzima peke yake na bado mistari yote mingine iko salama? Mkuu wa shule akasema ndiyo, hivyo ndivyo ilivyo. Wakaenda kukaa ofisini. Jioni tukajua uamuzi. Mzee abaki, kwa sharti kwamba miiba iwe imeisha ndani ya mwezi mmoja. Asipoimaliza, shamba linakodishwa.

Mimi kesho yake nilisimama mbele ya mstari na kueleza umekaukaje. Nilieleza mpaka gereji na gunzi la hindi. Walicheka sana, na ilichukua muda mfupi kuliko kuimba wimbo wa taifa. Viboko sikupigwa. Badala yake nilipewa kazi ya kung'oa miiba na mzee kila baada ya vipindi, mpaka iishe.

Siku ya kwanza mzee hakunisalimia. Alinipa jembe na kunionyesha kwa kidole. Tulichimba mpaka jua likashuka, ndipo akaniambia bila kugeuka, "Ndege wa Mungu wale nimewatukana bure."

Nikamwomba radhi. Akasema nisimwombe yeye, nichimbe. Kumbe kufyeka ni kuichekesha tu, inabidi uchimbe mpaka kwenye kichwa cha mzizi, uking'oe chote, na fito usiziache zilale chini hata usiku mmoja, uzirundike juani kisha uchome. Kazi hiyo huwezi kuifanya kwa kutikisa kichwa. Mmoja anavuta, mwingine anakata, na usiposema "acha" kwa wakati wake mwenzako anaachiwa fito ya uso. Nilimpiga usoni mara mbili kabla sijajifunza kusema. Mti wangu wa zawadi tuliung'oa siku ya nane. Ulitaka sururu.

Zikiwa zimebaki siku mbili mwezi uishe, mkuu wa shule alikuja kupita mistari yote, moja baada ya nyingine, na kalamu sikioni. Alirudi mpaka mwanzo, akasema barua ya bodi ataiandika leo leo, kazi ya mzee ipo. Mzee akasema sawa, mama, kana kwamba ameambiwa saa. Lakini mkuu alipoondoka aliketi kwenye ukingo wa mfereji na kukaa pale kwa muda mrefu, na mimi nikajifanya nakusanya fito.

Kulikuwa na moja nzuri juu ya rundo, ncha yake ina mizizi mibichi. Mzee aliichukua, akaigeuzageuza, akaanza kuifunga kwenye gunia.

"Hii naipeleka Zuzu nifanye uzio. Mbuzi wa jirani wananimalizia bustani."

"Hapana, babu."

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana. Itakula zabibu za watu."

Aliacha kufunga gunia. "Miaka mitatu nakusalimia unanijibu kwa kichwa. Mdomo umeupata leo, wa kuninyima mwiba?"

Hata hivyo aliitupa motoni. Ikalia, ikatoa moshi mchungu ukatufukuza sote wawili upande wa upepo. Akachukua baiskeli yake na kuniambia Jumatatu nije mapema, mizabibu imechelewa kukatwa matawi na peke yake hamalizi. Nikamwambia nitakuja. Akasema amesikia, yeye si kiziwi, nipunguze sauti.